Kazi Yangu ya Kunusa Vinywa

Mama yangu alikuwaga na beberu pale Murangi, mweupe mwenye doa jeusi jichoni, na huyo beberu alikuwa anakula sigara. Sisemi alikuwa anatafuna majani ya tumbaku shambani, hilo beberu yeyote anaweza kujaribu. Huyu alikuwa anaingiza mdomo kwenye mfuko wa shati la mtu, anatoa sigara, anakula, halafu anasimama palepale kusubiri nyingine. Wavuvi walimzoea. Mtu akipanda kutoka ziwani na ndoo yake ya furu alikuwa anaziba mfuko kwa mkono kwanza, ndipo anasalimia.

Mama hakuwa mtu wa ziwani. Alitoka huko vilimani, upande wa Butiama, kwa watu wa ng'ombe, akaolewa kwetu kwa watu wa samaki, na beberu alikuja naye akiwa bado mdogo. Beberu, siyo mama. Nataja mambo haya mapema kwa sababu huko mbele nitayahitaji, na nikisubiri nitasahau.

Sasa mwaka ule wa Uhuru akaja mtu kutoka mjini kutueleza maana ya Uhuru. Alivaa koti, na joto lile la Murangi. Likamshinda, akalivua, akalitundika kwenye ua wa minyaa, akaendelea kutueleza kwamba kuanzia sasa kila kitu ni chetu, ardhi ni yetu, ziwa ni letu. Beberu akaenda kwenye koti akala pakiti nzima pamoja na karatasi yake. Wote tuliona. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu mgeni alikuwa anazungumza. Alipomaliza akapapasa mifuko, akapapasa tena, akauliza, "Jamani, nani kachukua sigara zangu?"

Mzee mmoja akamjibu, "Si umesema kila kitu ni chetu?"

Tukapiga makofi. Wengi walidhani hotuba bado inaendelea.

Huyo beberu nililala naye nyumba moja mpaka nikaota ndevu, naye alikuwa nazo zamani. Ukilala na beberu anayekula sigara, pua yako inasoma. Hiyo ndiyo shule niliyosoma mimi. Ile nyingine niliishia darasa la tatu, mwalimu akasema nafasi yangu apewe mtu anayeihitaji. Lakini mpaka leo mtu akivuta sigara asubuhi akaja kwangu jioni, hata akiwa amekula samaki kamongo katikati, nitamjua. Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa sijawahi kuvuta. Nilimwona beberu anavyokohoa.

Pua hiyo ndiyo iliyonipatia kazi Bunda, kwenye kinu cha kuchambua pamba. Pamba haitaki mchezo na moto. Nilisimama getini msimu mzima nikinusa wachambuaji wakiingia, na kila aliyeficha sigara nilimtoa kando. Walinichukia kwa adabu. Walikuwa wananiita Bwana Pua, halafu wananigawia mihogo. Karani wa pale alikuwa na shemeji yake Musoma mjini, matroni wa hospitali, mama mnene mwenye sauti ya kuita feri. Siku moja matroni huyo akaja kumtembelea shemeji, akaniona nikifanya kazi. Akaniuliza, "Wewe ndugu, unaweza kunusa na wagonjwa?"

Nikamwambia mgonjwa ni mtu tu.

Ndivyo nilivyohamia Musoma, nikapanga chumba Kitaji, nikapewa koti la kaki la wahudumu wa wodi. Miaka hiyo Ujamaa ulikuwa umepamba moto, kila mtu ni ndugu, na daktari naye aliniita ndugu wakati ananionyesha pa kumwaga mkojo wa wagonjwa.

Daktari mpasuaji hakuwa wa kwetu peke yetu. Alikuwa anazunguka hospitali moja mpaka nyingine, na akishaondoka kwetu humwoni tena mpaka mvua zipite. Alikuwa kijana mrefu, mkavu, hacheki. Alinieleza kazi yangu kwa kifupi. Mtu akivuta tumbaku, kifua chake kina makohozi. Akipewa nusukaputi analala, makohozi yanajikusanya. Akiamka anakohoa. "Na wewe umetoka kwenye pamba," akasema, "kwa hiyo utanielewa. Tumbo nililolishona ni gunia. Kikohozi ni mtu yuko ndani ya gunia anarusha mateke. Uzi wangu utakaa?"

Nikasema hautakaa.

"Basi mimi simpasui mvutaji. Waje mapema, wakae wodini bila tumbaku mpaka kifua kisafike, ndipo nije. Siku ya kupita wodini nikimkuta mtu ananuka moshi, anarudi kwake, atanisubiri safari nyingine. Wengine hawatafika safari nyingine. Wewe ndiye utawasaidia wafike."

Ilikuwa kazi kubwa kuliko koti nililopewa. Kunusa asubuhi lilikuwa jambo dogo. Shida ilikuwa mchana, wakati hamu inapompata mtu. Mwingine anatetemeka, mwingine anatukana, mwingine analia machozi kabisa na ana wajukuu. Niliwapa mihogo mibichi watafune. Niliwatembeza mpaka mawe ya ufukweni na kuwarudisha. Na lilikuwepo la chupa: unajaza maji nusu, unachomeka kikonyo cha jani la mpapai ndani yake kama mrija, mgonjwa anapuliza mpaka maji yachemke. Daktari alisema inafungua kifua. Wagonjwa walisema ni utoto. Mzee mmoja wa Murangi aliniambia, "Mwanangu, mimi niliacha kunyonya kabla baba yako hajatahiriwa." Lakini alipuliza.

Wanawake walinishinda ujanja. Kulikuwa na bibi mwenye uvimbe shingoni, mpole, kila asubuhi ananuka moshi na hakuna aliyewahi kumwona akivuta. Manesi walikagua chini ya godoro, walikagua choo. Mwishowe nikakaa naye kwenye benchi nikampigia hadithi ndefu, na kila nikimuuliza kitu anajibu "mm." Nikamwambia, "Bibi, fungua mdomo." Akafungua. Sigara ilikuwa imo humo inawaka, upande wa moto ukiwa ndani. Akina bibi wa kwetu ndivyo wanavyovutaga, moto ndani, nje inabaki ncha tu, na yeye hata hiyo ncha alikuwa ameimeza kwa midomo. Nilimheshimu sana. Nikamnyang'anya.

Lakini nilitaka kusema habari za mjomba.

Alikuja kwa lori la pamba kutoka vijiji vya nyuma ya Butiama, amejikunja kama anatafuta shilingi chini. Alikuwa na ngiri. Si ngiri ya kuficha. Alikuwa anaibeba kwa mkono mmoja kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzie. Mara moja ilikwisha kunasa, akatapika na kulia usiku kucha, halafu ikarudi yenyewe. Daktari alimwambia wazi, na mimi nikiwa nimeshika beseni: ikinasa tena akiwa kijijini, atakufa kabla lori halijapatikana. Apasuliwe. Na ili apasuliwe, aache kiko.

Kiko kilikuwa shingoni mwake kwa kamba ya ngozi, cheusi, kinang'aa, bakuli lake la udongo na mdomo wake wa chuma. Kikohozi chake kilikuwa kinasikika mpaka jikoni. Kila akikohoa alikuwa anaishika ngiri kwa mikono miwili, anaizuia isitoke ikaenda bila yeye.

Asubuhi ya kwanza nikamwambia, "Mzee, shikamoo. Fungua mdomo ninuse."

Akaniangalia. "Mama yako ni wa wapi?"

Nikamtajia kijiji, nikamtajia ukoo.

"Wa ukoo wetu huyo! Aliyeolewa ziwani akaondoka na mwana-mbuzi mweupe?"

"Huyohuyo."

"Basi mimi ni mjomba wako. Na mpwa hanusi mdomo wa mjomba wake."

Nikamwambia, "Mjomba, anayenusa ni serikali. Mimi nimeazimwa pua tu."

Akafikiri, akafungua mdomo. Akavua kiko na kifuko cha tumbaku akanikabidhi. "Uvitunze. Si vya serikali hivyo."

Sitasema aliacha kwa urahisi. Siku za mwanzo alinilaani kwa lugha ya mama yangu, na nilifurahi kuisikia, maana mama alikuwa amekwisha kufa. Alipuliza chupa mpaka kikonyo cha mpapai kikapasuka. Alitafuna mihogo mpaka nikamhurumia mwenye shamba. Halafu polepole kikohozi kikashuka. Kikatoka jikoni, kikarudi wodini, kikarudi kitandani kwake, mwisho kikawa cha mtu anayetaka kuanza kusema. Jambo moja lilimuudhi: pua yake ilizibuka. "Mpwa," akaniambia, "hivi mji huu wote unanukaga dagaa hivi? Siku zote? Na watu wanakaa tu?"

Ikabaki siku moja daktari apite wodini, na kesho yake apasue. Ndipo akaja jirani wa mjomba.

Huyu jirani alikuwa mzee wa umri wake, mfupi, kofia ya pama, anatembea kwa hasira hata akiwa hana hasira. Wawili hao walikuwa hawasemezani tangu ujana wao, sababu ni mpaka wa shamba. Mmoja alisema mpaka unapita kwenye jiwe, mwingine alisema jiwe lilisogezwa. Halafu ikaja operesheni ya vijiji, wakapakiwa kwenye lori moja, wakashushwa wakapewa viwanja ubavu kwa ubavu, na lile shamba likawa pori la nyani. Ugomvi hawakuuacha huko. Ulipanda lori pamoja na vyungu.

Jirani akasimama miguuni pa kitanda. "Nimesikia unakwenda kupasuliwa."

"Umesikia vizuri."

"Watu hawapasuliwi na maneno tumboni. Kidonda hakitafunga, utakufa, na maneno yatabaki mlangoni kwangu mimi. Sitaki."

Mjomba akasema, "Hata mimi nililiwaza hilo." Akakaa kitako. "Umekuja na moto?"

Kwa watu wa mama yangu, wazee wawili wakimaliza ugomvi wanavuta kiko kimoja, moto mmoja, mbele ya shahidi. Hakuna maneno marefu. Moshi ukishatoka midomo yote miwili, jambo limekwisha, na atakayelifufua anakuwa mtu wa ovyo. Bila moshi hakuna kilichofanyika. Ni wazee wawili wamekaa tu.

Nikasema, "Mjomba, hapana. Ukivuta pafu moja daktari atakurudisha kwako."

"Nisipovuta kidonda hakitafunga."

"Na usipopasuliwa itanasa."

"Ndiyo," akasema, kana kwamba nimemtajia bei ya chumvi.

Nikamshauri jirani washikiane kiko bila kukiwasha. Jirani akanitazama kuanzia viatu. "Kiko kisicho na moto anashikishwa maiti, anapolazwa kaburini. Wewe kijana mama yako hakukufundisha kitu?"

Tukatoka nyuma ya wodi, kwenye kamba za kuanikia mashuka, maana ndani matroni angetusikia. Mjomba akakaa juu ya jiwe na ngiri yake mapajani. Jirani akajaza kiko, kile kiko chenyewe nilichokuwa nimekitunza, mjomba aliniagiza nikilete. Nikawa nimesimama kati yao. Sikuwa na amri juu ya wazee. Nilikuwa na pua tu.

Mjomba akaninyooshea kidole. "Huyu ni mpwa wangu."

Jirani akauliza, "Wa kweli?"

"Mama yake ndiye yule aliyekwenda ziwani na mbuzi."

"Aaa." Jirani akashusha mabega. "Basi tumepata."

Sikuelewa mara moja, nilikuwa nimekulia ziwani. Kule kwao mpwa ni mdomo wa akiba wa mjomba. Mjomba akialikwa pombe na anaumwa, anakwenda mpwa, anakunywa, na watu wanahesabu kwamba mjomba amekunywa. Hata kesho yake wanamuuliza mjomba kama kichwa kinamuuma. Kwa hiyo mpwa akivuta, ni mjomba amevuta.

"Sijawahi kuvuta," nikasema.

"Hatujakuuliza," akasema jirani.

Yeye akavuta kwanza, akatoa moshi. Akaniwekea kiko mdomoni. Mjomba akaniambia, "Vuta kabisa, mpwa. Usinivutie nusu." Nikavuta kabisa. Mbingu ikashuka, mashuka yote yakageuka upande mwingine, nikakohoa mpaka nikashika kamba. Nilimkumbuka beberu wa mama. Sijui alikuwa anaona utamu gani.

"Limekwisha," jirani akasema.

"Limekwisha," mjomba akasema, akajifuta machozi, maana moshi ulipita karibu naye na alikuwa hajaunusa muda mrefu.

Hapo ndipo daktari alipotokea kwenye kona na matroni nyuma yake. Alikuwa amewahi. Alikuwa anatafuta mgonjwa wake kitandani akaelekezwa huku. Moshi ulikuwa bado unaning'inia kati ya mashuka.

Hakupaza sauti. Akamtazama mjomba. "Mzee, umevuta?"

Nikaona jirani amegeuka kumwangalia mjomba. Na nikaelewa, hata na kizunguzungu kile. Akisema hakuvuta, mbele ya jirani, basi hakuna kilichovutwa, maneno yanarudi tumboni. Akisema amevuta, lori la kurudi Butiama hilo, na ngiri yake.

Mjomba akajibu, "Nimevuta."

"Mfungashie vitu vyake," daktari akamwambia matroni.

Nikasema, "Daktari, ni mimi. Ninuse."

Akainama akaninusa. Sikuwahi kufikiri siku moja mimi ndiye nitanuswa. Akaenda akainama kwa mjomba, akamfungua mdomo, akanusa muda mrefu. Akarudi kwangu. Akarudi kwake.

"Mzee, mdomo wako hauna moshi."

"Nimevuta," mjomba akasema.

"Kwa mdomo gani?"

"Kwa mdomo wa mpwa wangu."

Daktari akauliza, "Na moshi ulikwenda kifua cha nani?"

Mjomba akamtazama jirani, kama anaomba ruhusa. Jirani akatikisa kichwa kukubali. "Kifua ni cha kwake," mjomba akasema. "Sisi tulihitaji mdomo tu."

"Aliyevuta ni wewe, na moshi uko kwake."

"Ndiyo, daktari. Umeelewa haraka. Mpwa wangu hapa alichelewa."

Matroni alianza kusema kitu, daktari akanyoosha mkono. Akatoa mpira wake wa masikioni, akausikiliza mgongo wa mjomba palepale juu ya jiwe. Akamwambia akohoe. Mjomba akakohoa kile kikohozi cha mtu anayetaka kuanza kusema. Akamwambia tena. Akakunja mpira.

"Kesho asubuhi," akasema. "Asile kitu. Na huyu," akanionyesha, "asimkaribie mgonjwa yeyote mpaka apulize chupa."

Nikapuliza chupa. Wagonjwa wote walikuja kunitazama, na yule bibi wa moto ndani alisimamia mwenyewe, ananihimiza, "Puliza, mwanangu, fungua kifua."

Kesho yake wakampasua. Aliamka salama. Alikohoa mara chache, amekumbatia mto tumboni kama nilivyomfundisha, na uzi ukakaa. Jirani alilala siku zote hizo chini ya mti wa jikoni, anamletea uji, wanabishana kama uji umeungua. Habari za jiwe na mpaka sikuzisikia tena. Mimi matroni aliniondoa kwenye kunusa akanipeleka kufua mashuka, akisema pua ya serikali haiwezi kuwa na ukoo. Sikubishana naye. Mashuka hayatukani.

Kidonda kikafunga. Nyuzi zikatolewa. Daktari alikuwa ameacha maagizo mgonjwa arudi baadaye aangaliwe, matroni akamsomea, mjomba akasema, "Nitakuja." Akasimama wima. Sikuwa nimewahi kumwona wima. Kumbe alikuwa mrefu kuliko mimi. Mikono yake yote miwili ilikuwa haina cha kubeba, akawa hajui aiweke wapi, mwisho akaiweka nyuma.

Nikamletea kiko chake na kifuko cha tumbaku, vyote nilivyotunza. Akavitazama, hakuvigusa.

"Kaa navyo," akasema. "Siku nikitaka kuvuta, utavuta."

"Nitajuaje, mjomba, na wewe uko Butiama?"

"Utajua."

Jirani akachukua kifurushi, akatangulia. Wakatoka getini wakishika njia ya Mukendo, kwenye malori, wanabishana ni nani alisema lori linaondoka asubuhi. Nilikuwa na shuka lililolowa begani na kiko mkononi. Nikaita, "Mjomba, safari njema!" Alinyanyua mkono mmoja bila kugeuka, mkono uleule aliokuwa anabebea, akakata kona.

Hakurudi kuangaliwa, wala kufuata kiko.